Kikohozi cha Masika

Jumatatu, 3 Machi

Leo ofisini tumegawiwa madaftari ya mikutano, jalada gumu, karatasi nzuri isiyopenyeza wino. Mikutano yetu haistahili karatasi hii, kwa hiyo langu nimelileta nyumbani. Nitaandika mpaka mvua zikatike au mpaka nichoke, kitakachotangulia.

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Bati la jikoni limevuja pale pale pa mwaka jana. Baba ameweka sufuria chini na kusema kesho atapanda kuziba. Ana miaka sabini na mbili. Nimemwambia hapandi popote.

Jumatano, 5 Machi

Kazi mpya. Mkuu wetu wa ofisi ya afya ameniita pamoja na mwenzangu wa takwimu, ambaye wote tunamwita Desimali kwa sababu hawezi kusema "kama ishirini". Lazima aseme ishirini nukta tatu. Kifaduro kimerudi mjini. Watoto kumi na wanne kwa mwezi mmoja, na wengi ni wachanga ambao hawajatimiza wiki sita za kupata chanjo ya kwanza. Ipo chanjo wanayochomwa akina mama wajawazito ili mtoto azaliwe na kinga, ila dozi zilizopo hazitoshi mitaa yote. Mkuu anataka kujua ugonjwa utaelekea wapi, azitangulize dozi huko.

"Ninyi si watu wa hesabu?" alisema. "Basi nionesheni ugonjwa unavyotembea."

Desimali akauliza kwa usahihi wa kiwango gani.

Ijumaa, 7 Machi

Siku nzima kwenye kliniki tatu, nikiwahesabu wanaokohoa na kuwauliza mama zao walikopita wiki iliyotangulia. Sasa naujua mlio wenyewe: vikohozi vingi mfululizo bila nafasi ya kuvuta hewa, kisha pumzi moja ndefu inayoingia kwa filimbi, kama mlango mkavu unaofunguliwa. Mtoto mmoja wa miaka minne alinikoholea usoni, halafu akacheka. Nami nikacheka.

Jumatatu, 10 Machi

Nukta zangu zimeanza kutembea.

Nimeuchora mji kwenye kompyuta kama karatasi ya miraba, na kila mtu ni nukta. Kila saa nukta inarusha kete: mbele, nyuma, kushoto au kulia, hatua moja. Nukta nyekundu zinaumwa, nyeupe ni nzima. Nyekundu ikikutana na nyeupe kwenye mraba mmoja, kete nyingine inarushwa: huenda ikaambukiza, huenda isiambukize. Unaziachia siku mia, kisha unarudia mambo yote upya mara elfu moja na kuangalia ni kipi kinatokea mara nyingi. Huu si utabiri wa nyota. Ni kubahatisha kwa utaratibu. Watu wa fani yangu wanauita mwendo wa mlevi, kwa sababu kila hatua haikumbuki iliyopita.

Baada ya chakula nilimwonesha baba. Alikuwa mpeleka barua miaka thelathini na minane, hakuna mlango wa mji huu asioujua. Alivaa miwani, akasogeza kiti, akaangalia muda mrefu.

"Zinakwenda wapi?"

"Popote. Zinabahatisha."

"Na zikichoka?"

"Hazichoki, baba. Ni hesabu."

"Kwa hiyo hazina kwao."

Nikamweleza kwamba mtu mmoja mmoja ana kwao, lakini ukiwachukua watu laki moja kwa pamoja, mwendo wao unafanana na wa kubahatisha. Alitikisa kichwa kwa adabu, kama nilivyomwona akitikisa nikiwa mdogo ninapomsomea shairi nisilolielewa.

"Mimi nimewatembelea hao laki moja," alisema. "Sikumwona hata mmoja akibahatisha. Kila mtu anakwenda kwa mtu."

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka koo linawasha. Maji ya moto na limau. Fundi ameziba bati.

Jumatatu, 17 Machi

Mdogo wangu amejifungua. Mvulana. Kilo tatu na gramu mia mbili.

Miaka saba amengoja. Mara tatu nilimshika mkono kwenye kitanda cha hospitali tukirudi mikono mitupu. Mama alipofariki mdogo wangu alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na tisa. Mimi ndiye niliyemsuka nywele za kwenda shule, mimi ndiye niliyemfundisha kugawanya. Leo amenipigia mwenyewe, sauti imekauka kwa kulia, akasema, "Dada, ana vidole vyote. Nimehesabu mara mbili kama ulivyonifundisha."

Jumanne, 18 Machi

Tumekwenda kumwona, mimi na baba. Shemeji, mume wa mdogo wangu, ni fundi wa majokofu, na ameitwa kazini mji mwingine siku ya pili tu ya ubaba wake. Ameondoka huku analalamika mpaka getini. Mtoto hajapewa jina bado. Baba alimpokea mikononi, akamwambia, "Karibu, mgeni. Safari ilikuwaje?" Basi tumebaki kumwita Mgeni.

Nilimbeba karibu saa nzima. Ana harufu ya mkate wa moto.

Jumamosi, 22 Machi

Kwa Mgeni tena, kutwa. Nimefua, nimepika, nimembembeleza. Baba huenda kila siku asubuhi, anambeba ili mdogo wangu apate kuoga. Anasema amerudishwa kazini.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Baba ameanza kukohoa. "Kikohozi cha masika," anasema. Humpata kila mwaka mara mvua zikikolea.

Alhamisi, 27 Machi

Hesabu yangu imekataa. Nukta zilisema ugonjwa utatambaa kama mafuta kwenye maji, mtaa hadi mtaa wa jirani, ukianzia sokoni. Daftari la wagonjwa linasema vingine: umeruka. Watoto watano kule kwenye nyumba za reli, halafu hakuna kitu katikati, halafu wanne upande wa pili wa mto. Nukta zinazobahatisha haziruki mto.

Nimekaa mbele ya kompyuta hadi saa nane mchana bila kula. Halafu nikakumbuka maneno ya baba, na kwa aibu kidogo nikaipa kila nukta nyumba. Asubuhi inatoka, jioni lazima irudi. Nikaipa pia watu wake: ndugu wawili watatu, rafiki, jamaa aliyejifungua. Kete bado zipo, sasa zinaamua tu leo unakwenda kwa nani.

Nikaendesha mara elfu moja. Ugonjwa ukaruka mto.

Desimali alisimama nyuma yangu, akasoma, akasema, "Inalingana kwa asilimia themanini na moja nukta sita." Kwake hayo ni machozi ya furaha. Mimi nilicheka mpaka kikohozi kikanishika, akaniletea maji.

Jumatatu, 31 Machi

Nimewasilisha. Nilimwambia Mkuu kwamba sokoni siko kwenye hatari kubwa. Ugonjwa unaingia kwa wachanga kupitia wanaowapenda: bibi, babu, shangazi, mama mkubwa, watu wazima wenye kikohozi kisicho na jina, ambao chanjo zao za utotoni zimekwisha nguvu. Dozi ziende popote penye wajawazito wenye ukoo mkubwa na wageni wengi. Na itangazwe kwenye kila kliniki: mwenye kikohozi, hata kidogo, asimbebe mtoto mchanga.

Mkuu aliniuliza kama nina uhakika. Nikasema nina uwezekano. Amekubali.

Nimerudi nyumbani mvua ikinyesha, nimemkuta baba jikoni amefurahi. Mgeni leo amemtazama machoni, anasema, na kumshika kidole. Amekohoa wakati wa kula, akaenda kumalizia dirishani.

Nimeyaandika haya yote kwenye ukurasa mmoja na sikuona kitu.

(Mstari huo wa mwisho nimeuongeza leo, tarehe 14 Aprili.)

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Tangazo limebandikwa. Nimelisahihisha tahajia.

Jumapili, 6 Aprili

Kwa Mgeni. Amenenepa shavu moja kuliko la pili, au ndivyo anavyolala. Baba anakohoa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Mdogo wangu anasema Mgeni ana mafua kidogo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mtoto wa nyumba za reli amefariki hospitalini. Wiki tano. Desimali ameandika namba kwenye daftari la wagonjwa, kisha akatoka nje na kusimama kwenye mvua bila mwavuli.

Jumatatu, 14 Aprili

Naandika ya jana, Jumapili.

Tulikuwa wote kwa mdogo wangu, mimi na baba, saa tano asubuhi. Mdogo wangu alikuwa anamwogesha Mgeni kwenye beseni mezani, mimi nimeshika taulo. Mgeni akakohoa mara tatu nne, vikohozi vidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa woga. Kisha akanyamaza. Mdogo wangu akaendelea kummwagia maji mgongoni. Mimi nilikuwa nasubiri pumzi ya kuingia, ile ya filimbi, kwa sababu masikio yangu yamezoea kungoja. Haikuja. Midomo ikageuka rangi ya wino.

"Dada," mdogo wangu alisema, polepole sana. "Hapumui."

Nilimnyakua. Nilimgeuza, nikampiga unyayo kwa kidole, mara moja, mara mbili, nikamsugua mgongo. Baba alikuwa anasema, "Mgeni, Mgeni, Mgeni," kama anayemwita mtu aliyepita nyumba. Sijui ni muda gani. Mimi ninayehesabu kila kitu sikuhesabu. Kisha akavuta hewa, akalia kilio chembamba, rangi ikarudi kuanzia masikioni.

Jirani alitupeleka hospitali na gari lake. Mdogo wangu alikaa nyuma na mtoto kifuani na nguo iliyoloa maji ya kuogea. Njiani alisahau tena kupumua, mara mbili.

Daktari wa watoto ni mwanamke mwenye sauti ya chini. Alimsikiliza Mgeni, akatazama majibu ya damu yake, akasema, "Hiki ni kifaduro. Wachanga wa umri huu hawakohoi kama wakubwa. Wao husahau kupumua." Mgeni ana siku ishirini na saba.

Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe niliwafundisha waulize, lipo kwenye fomu, mstari wa sita.

"Nani nyumbani anakohoa?"

Kabla yeyote hajafungua mdomo, baba akakohoa. Alijitahidi kukizuia, akageukia ukutani, mabega yakamtikisika mpaka kikaisha. Alipogeuka, wote tulikuwa tunamtazama. Sitausahau uso wake.

"Mimi," alisema.

Jumanne, 15 Aprili

Mimi na baba tumechukuliwa vipimo puani, tumepewa dawa za siku tano, na mpaka ziishe haturuhusiwi kuingia wodini. Mdogo wangu na shemeji, aliyerudi alfajiri, wamepewa dawa za kinga na wako ndani. Mgeni ana mpira mwembamba wa oksijeni puani na kifaa kinachong'aa mguuni cha kupima hewa kwenye damu. Muuguzi wa zamu amewafundisha: akinyamaza, mguse unyayo. "Mkumbusheni tu," alisema. "Hajazoea bado kwamba ni kazi ya kila siku."

Mimi na baba tunakaa nje, kwenye benchi chini ya kibaraza cha wodi. Mvua inapiga mbele ya vidole vyetu. Mdogo wangu akitoka kupata hewa anasimama mbali na sisi, hatua sita hivi. Leo mchana aliniuliza kutoka hapo alipo.

"Wangapi wanapona?"

"Wengi."

"Dada, hujawahi kunijibu bila namba."

Nikamwambia. Msimu huu wamelazwa ishirini wa umri wake. Kumi na wanane wamerudi nyumbani. Mmoja bado yupo wodini, naye ni Mgeni.

Alipiga hesabu ya kutoa. Nilimwona akiipiga. Nilimfundisha mwenyewe.

Jumatano, 16 Aprili

Amesahau mara kumi na moja. Jana kumi na tisa.

Alhamisi, 17 Aprili

Desimali alikuja benchini na fomu ya Mgeni, maana ofisi lazima iijaze. Kuna kisanduku: mtu anayedhaniwa kuwa chanzo. Aliishika kama mtu aliyeshika kitu cha moto na kusema anaweza kuiacha hadi majibu ya maabara yatoke.

"Andika mimi," baba alisema. "Babu yake. Mpeleka barua mstaafu. Andika."

"Mzee, bado hatujui kwa hakika."

"Mimi najua. Nimembeba kila siku. Nimepeleka mizigo miaka thelathini na minane, huu nao nimeupeleka mimi."

Desimali alikunja fomu akaiweka mfukoni. Alipoondoka, nilimwambia baba kwamba hakujua, kwamba kikohozi chake kilifanana na cha kila mwaka, kwamba mimi ndiye mwenye kazi ya kujua. Aliniwekea mkono magotini. Kwa siku nne nimekuwa nikitafuta maneno ya kumpunguzia. Nimemtengenezea hata hesabu: jirani, muuguzi wa kliniki, mgeni mwingine yeyote aliyekuja kumpongeza mdogo wangu. Ananisikiliza kwa adabu ile ile.

Ijumaa, 18 Aprili

Majibu. Baba ana kifaduro. Na mimi pia.

Changu ni hafifu. Mtaalamu wa maabara ameniambia kwa simu kuwa alama hafifu namna hiyo huonekana kwa mtu ambaye ugonjwa ndio kwanza umeanza, au kwa yule ambaye unakaribia kwisha. "Ulianza lini kukohoa?" aliuliza. Nikasema sikumbuki kukohoa.

Nimerudi nyumbani saa kumi jioni, nimechukua daftari hili, nimesoma tangu mwanzo.

Tarehe 27 Machi, nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Kabla ya hapo, tarehe 15, nimeamka koo linawasha. Na kabla ya hapo, tarehe 7, yule mtoto wa kliniki. Siku nane katikati. Ndiyo muda wenyewe wa kifaduro kuatamia, nimeufundisha kwenye semina. Kisha siku tisa, na baba anaanza.

Mimi ndiye niliyeuleta nyumbani. Nilimpa baba, baba akampa Mgeni. Au nilimpa Mgeni mwenyewe, tarehe 22, nilipombembeleza kutwa. Nimechora njia zote kwenye karatasi, nimeziwekea uwezekano. Ipi iliyo nzito zaidi inategemea kete. Lakini zote, kila moja, zinapita kwangu.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilimsomea baba benchini. Nilimsomea tarehe, mstari kwa mstari, kwa sauti ya kikao, kwa sababu sauti nyingine nisingeiweza. Nilipomaliza alikuwa anaangalia mvua.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Ulianza wewe. Nilikusikia bafuni unajikohoza asubuhi, wiki ile mdogo wako aliyojifungua. Ulikuwa unafungulia maji nisisikie."

Sikumbuki kufungulia maji. Pengine nilifungulia.

"Sasa kwa nini unamwambia kila mtu ni wewe?"

Alifikiri. Alikunja ncha ya mfuko wa dawa zake, akaikunjua.

"Mimi nimebakiza miaka michache ya kubeba jambo," alisema. "Wewe una mingi."

Nililia hapo hapo, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, mbele ya watu waliokuja kuona wagonjwa. Baba hakuninyamazisha. Alisogea tu upande wangu wa benchi, upande mvua ilikokuwa inarushwa na upepo.

Jumapili, 20 Aprili

Dawa zetu zimekwisha, tumeruhusiwa kuingia. Nilimtazama Mgeni kwa mara ya kwanza baada ya juma zima. Amepungua. Kifua kinapanda, kinashuka, kinapanda. Sijawahi kutazama kitu kwa makini namna ile.

Nilimwomba mdogo wangu tutoke nje kidogo. Nikamwambia yote. Baba alijaribu kuingilia, nikamwomba asinisaidie.

Mdogo wangu alisikiliza amejikumbatia mikono. "Kwa hiyo siku ile unaandika tangazo watu wasibebe wachanga," alisema mwishowe, "wewe ulikuwa umeshambeba."

"Ndiyo."

"Na bado ukaja tena kumbeba."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye niliyekuwa nakuuliza kila kitu, Dada."

Akaingia ndani. Baadaye nilimwandikia Desimali nini cha kujaza kwenye kisanduku: shangazi wa mtoto, mtakwimu. Kisha nikakumbuka kwamba mimi si shangazi, mimi ni mama mkubwa. Nimelikata neno, nimeandika upya.

Jumatatu, 21 Aprili

Mara nne. Mdogo wangu haongei nami.

Jumatano, 23 Aprili

Mara moja. Mvua imepungua.

Ijumaa, 25 Aprili

Hakusahau hata mara moja, kutwa.

Jumapili, 27 Aprili

Mgeni ametoka hospitali. Nilisimama getini. Shemeji alinisalimia, akanishukuru kwa kumpiga unyayo siku ile, na macho yake yakaomba radhi kwa ajili ya mkewe. Mdogo wangu alipita amemfunika mtoto kwa kitenge. Alinitazama, lakini hakusimama.

Jumanne, 6 Mei

Wagonjwa wapya wiki hii ni wawili tu. Mkuu amenisifu kwenye kikao na watu wamepiga makofi. Desimali alipiga makofi macho yake yakiwa kwangu, na alikuwa wa kwanza kuacha.

Jumapili, 11 Mei

Siku hizi baba huenda kwa Mgeni kila siku. Akirudi ananipa habari bila kuulizwa, moja moja, kama anayenipa barua mlangoni. Anacheka na feni. Analala kifudifudi. Amepewa jina, na jina hilo lina herufi ya kwanza ya jina la mama. Sijauliza kama mdogo wangu ananiulizia. Baba hasemi uongo, kwa hiyo ni heri nisimuulize.

Namsamehe kila mwenye kikohozi ninayemwona kliniki. Nawaambia, hukujua, mama, hukujua, mzee. Maneno yanatoka vizuri. Kwangu hayaingii bado.

Ijumaa, 16 Mei

Jua siku nzima. Nimeanika magodoro.

Jumanne, 20 Mei

Simu imelia ofisini saa sita mchana. Mdogo wangu. Sauti yake sijaisikia mwezi mzima.

"Kesho anachomwa chanjo yake ya kwanza," alisema. "Daktari amesema yuko tayari."

"Vizuri."

"Shemeji yako yuko kazini. Baba hawezi kuangalia sindano, unamjua. Saa tatu. Usichelewe."

Jumatano, 21 Mei

Nilifika saa mbili. Sikuwa na kikohozi, sina kikohozi, nimejisikiliza wiki nne. Hata hivyo nilivaa barakoa. Mdogo wangu alikuja na Mgeni mgongoni, akaketi kando yangu kwenye foleni, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yetu. Mama aliyefuata akaona nafasi, akakaa hapo. Tulikaa hivyo tukimtazama mama wa watu, tusijue la kufanya, mpaka mdogo wangu akacheka kidogo puani.

Zamu yetu ilipofika alimshusha mtoto mgongoni na kusimama naye katikati ya chumba. Muuguzi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba. "Nani atamshika?" aliuliza.

Mdogo wangu aliniangalia muda mrefu. Uso wake sasa una mikunjo miwili midogo hapa katikati ya nyusi, haikuwepo mwezi wa tatu.

"Vua hicho kitu," alisema. "Hatakujua."

Nikavua barakoa. Akaniwekea Mgeni mikononi. Amekuwa mzito, amekuwa mtu. Alinikagua usoni kwa makini, bila haraka, kama karani anayelinganisha picha na mwenye picha. Nilimpakata, nikamshika paja kama muuguzi alivyonielekeza, na mdogo wangu akageukia dirishani, mkono wake mmoja begani kwangu.

Sindano ikaingia. Mgeni alifungua mdomo, na kwa sekunde moja, mbili, hakukutoka kitu. Vidole vya mdogo wangu vikanibana begani. Mimi nilikwisha kuunyosha mkono kwenye unyayo.

Kisha akavuta hewa yote ya chumba kile, akalia. Alilia mpaka muuguzi akashtuka, mpaka watoto wa foleni nje wakaanza kumwitikia. Mdogo wangu alikuwa amegeuka, analia na kucheka pamoja. Mimi na yeye tulijua namna ya kumnyamazisha, sote wawili. Tulimwacha kwanza alie.